Umeme Umewafikia Wananchi. Sasa Usalama Nao Uwafikie

Kila mara mwananchi anapouawa na umeme nyumbani au kazini kwake, neno la kwanza kusemwa msibani ni kwamba siku yake ilikuwa imefika. Neno hilo huwapa wafiwa faraja, nasi hatuna ugomvi na faraja ya wafiwa. Lakini neno hilo likitoka msibani likaingia ofisini, likawa ndilo jibu la fundi aliyetandaza nyaya, la mkaguzi aliyepitisha kazi yake, la mwenye nyumba aliyepokea kodi, na la msimamizi aliyempandisha mfanyakazi ngazini bila kuzima mein swichi, basi limegeuka kuwa kichaka cha kufichia uzembe. Ndivyo ilivyo pia kwa maneno tunayoyasikia baada ya kila moto: kwamba chanzo chake ni "hitilafu ya umeme". Umeme hufuata kanuni zake zile zile usiku na mchana, na kanuni hizo zinajulikana. Hitilafu ni ya waya mwembamba, ya kiungo kilicholegea, ya swichi bandia. Na nyuma ya kila kimoja kati ya hivyo yupo mtu. Jambo linaloweza kuzuiwa lisipozuiwa, lazima awepo wa kuulizwa.

Tunalisema jambo hili sasa kwa sababu umeme wa leo si umeme wa jana. Uliingia Dar es Salaam mwaka 1908, wakati wa utawala wa Wajerumani, kwa ajili ya karakana za reli na mitaa waliyokaa watawala. Mwafrika aliuona ukiwaka kwa mbali. Baada ya Uhuru Taifa lilijenga mitambo yake hatua kwa hatua: Hale mwaka 1964, Kidatu mwaka 1975, Mtera mwaka 1988, hadi Bwawa la Julius Nyerere katika Mto Rufiji, ambalo mitambo yake tisa yenye uwezo wa megawati 2,115 ilikamilika mwaka 2025. Wakala wa Nishati Vijijini, REA, ulioundwa kwa Sheria ya mwaka 2005, umezifikisha nguzo katika vijiji vyote 12,318 vya Tanzania Bara, na kazi kubwa iliyobaki ni ya vitongoji. Huu ni ushindi ambao hakuna mzalendo anayeweza kuubeza.

Lakini umeme ulipokuwa wa wachache, hatari yake nayo ilikuwa ya wachache. Leo umeme umo katika nyumba ya matofali ya udongo iliyoezekwa kwa bati, katika kibanda cha kinyozi, kwenye mashine ya kusaga, gengeni na katika karakana ya kuchomelea vyuma iliyo chini ya mwembe. Ni umeme ule ule wa volti 230 unaowasha taa za mahoteli makubwa. Hakuna umeme mdogo wa maskini na umeme mkubwa wa tajiri. Kilichogawanywa bila usawa ni usalama. Nyumba ya mwenye uwezo ina waya wa erthi, ina saketi breka, na ina fundi aliyesomea. Nyumba ya mnyonge mara nyingi ina waya mbili tu zilizopita juu ya boriti, swichi ya bei nafuu, na matumaini. Hilo ndilo tunalolipinga.

Ili mwananchi ajilinde, ni lazima aelewe umeme unavyoua. Kinachoua ni kiasi cha mkondo unaopita mwilini, hasa unaopita kifuani penye moyo. Mkondo huo hupimwa kwa ampia, na ampia moja ni miliampia 1,000. Mkondo wa miliampia 10 hadi 20 unatosha kuikaza misuli ya mkono hata mtu akashindwa kuachia alichokishika. Unapofika miliampia 100 hivi, moyo unaweza kuacha kupiga kwa mpango, ukatetemeka tu bila kusukuma damu. Sasa tuangalie taa ya kawaida ya wati 60. Inapowaka hutumia miliampia 260 hivi. Maana yake ni kwamba mkondo wa taa moja ndogo, ile ambayo mtoto anajifunzia kusoma, umezidi mara mbili ule unaoweza kuusimamisha moyo wa baba yake. Na mwili uliolowa maji au jasho huupitisha umeme kwa urahisi kuliko mwili mkavu. Ndiyo maana bafuni, jikoni na shambani penye pampu ya maji ni mahali pa hatari zaidi.

Hapa pana kosa la fikra linalowapoteza wengi. Wengi huamini kwamba maadamu nyumba ina fyuzi au saketi breka, basi watu wake wamelindwa. Fyuzi ya plagi ya ampia 13 haikati mpaka mkondo uzidi ampia 13, yaani miliampia 13,000. Mtu aliyeshikwa na umeme hupitisha sehemu ndogo sana ya kiasi hicho. Fyuzi itakaa kimya, breka itakaa kimya, na mtu atakufa mbele yake. Vifaa hivyo viliwekwa kulinda nyaya zisiungue. Kumlinda mtu kunahitaji vitu viwili vingine, navyo ndivyo vinavyokosekana katika nyumba za wanyonge.

Cha kwanza ni waya wa erthi. Huu ni waya wa rangi ya kijani na njano unaounganisha mwili wa chuma wa pasi, jokofu au pampu na fimbo ya chuma iliyochimbiwa ardhini. Siku zote haufanyi kazi yoyote, na kwa sababu hiyo fundi mlaghai huuona kuwa ni gharama ya bure. Kazi yake huja siku ile waya wenye umeme unapochubuka ndani ya jokofu na kuligusa bati la nje. Ikiwa erthi ipo na ni nzuri, mkondo mkubwa hukimbilia ardhini kwa njia hiyo, fyuzi hukatika, na mwenye nyumba hugundua kwamba jokofu limeharibika. Ikiwa erthi haipo, jokofu huendelea kupoza maji kama kawaida huku mlango wake una umeme, likimngoja mtu wa kwanza atakayeushika akiwa pekupeku kwenye sakafu ya saruji yenye maji. Wakati huo mtu huyo ndiye anayegeuka kuwa waya wa erthi. Mara nyingi ni mama wa nyumba au mtoto.

Cha pili ni swichi ya kukata umeme unaovuja. Swichi hii hulinganisha umeme unaoingia na unaorudi. Ikiona tofauti ya miliampia 30, hutambua kwamba umeme umepata njia nyingine, pengine kupitia mwili wa binadamu, na hukata kwa muda mfupi kuliko kupepesa jicho mara mbili. Kanuni za nchi nyingi zinaitaka katika nyumba mpya. Haimwokoi mtu aliyeshika nyaya zote mbili kwa pamoja, wala haichukui nafasi ya erthi, lakini hukiziba kifo cha namna ile iliyo ya kawaida zaidi. Ina kitufe kidogo cha majaribio. Mwenye nyumba akibonyeze mara kwa mara, na ikiwa swichi haikukata, amwite fundi siku hiyo hiyo.

Kwa nini basi vitu hivi havipo? Jibu lina jina, nalo ni kishoka. Kishoka ni mtu anayejipa ufundi wa umeme bila mafunzo na bila leseni, anayezunguka mitaani na vijijini akiahidi kazi ya haraka na ya bei ndogo. Sheria za nchi ziko wazi: kazi ya kutandaza nyaya katika jengo ni ya fundi mwenye leseni ya EWURA, na leseni hizo zimepangwa kwa madaraja kulingana na ukubwa wa kazi. Kishoka hana leseni, kwa hiyo hana cha kunyang'anywa. Yeye hupunguza gharama kwa kuacha erthi, kwa kutumia waya wa taa, ule wa milimita za mraba 1.5, mahali pa soketi panapostahili waya wa 2.5, na kwa kufunga viungo kwa utepe darini ambako hakuna atakayeona. Kazi yake huwaka vizuri siku ya kwanza. Ubaya wa kazi mbovu ya umeme ni kwamba taa yake hung'aa sawasawa na ya kazi nzuri.

Hata hivyo, tutakuwa wanafiki tukimlaani kishoka na kumlaumu mwananchi aliyemwita, tukaishia hapo. Mkulima mwenye vyumba viwili hamwiti kishoka kwa kupenda kufa. Anamwita kwa sababu fundi mwenye leseni yuko mjini, nauli yake ni kubwa, na hakuna aliyemwonyesha mkulima huyo tofauti kati ya hao wawili. Taifa limekwisha onyesha kwamba njia ipo. Kifaa cha Umeme Tayari, UMETA, kilichogawiwa kwa baadhi ya wateja wa vijijini, humwezesha mwenye nyumba ndogo kupata taa na soketi bila kutandaza nyaya nyumba nzima. Fikra hiyo ni sahihi. Umeme wa bei ndogo unaweza kuwa umeme salama, ila lazima usalama huo upangwe tangu mwanzo na wenye dhamana. Hauwezi kuachiwa huruma ya soko.

Yapo pia yaliyo katika uwezo wa kila mmoja wetu, na hayahitaji kusubiri mkaguzi. Mtu asichomeke plagi ya miguu miwili kwa kufungua tundu la erthi kwa kijiti au kalamu. Tundu lile limewekewa kizuizi kwa makusudi. Asichomeke nyaya tupu kwenye soketi na kuzibana kwa njiti za kiberiti. Kamba ya kuanikia nguo isiwe ya waya wa chuma iliyofungwa kwenye nguzo ya umeme au kwenye bati la paa, kwa maana waya wa umeme unaosuguana na bati kwa upepo huchubuka siku moja, na bati lote likapata umeme pamoja na kamba na nguo mbichi. Hita ya kuchemshia maji ndani ya ndoo ichomolewe kwanza ukutani kabla mtu hajatia mkono majini kupima joto. Umeme ukikatika wakati wa kupiga pasi, pasi ichomolewe, kwa sababu umeme unaporudi usiku wa manane haubishi hodi. Anayebadili taa azime mein swichi. Kuzima swichi ya ukutani peke yake hakutoshi, kwa kuwa kishoka huenda ameifunga kwenye waya usiostahili.

Aidha, Taifa linahimiza nishati safi ya kupikia, na Mkakati wa mwaka 2024 umeweka lengo la asilimia 80 ya Watanzania ifikapo mwaka 2034. Tunaunga mkono lengo hilo kwa moyo wote, maana moshi wa kuni umeharibu mapafu ya mama zetu vya kutosha. Lakini jiko la umeme si taa. Jiko la wati 2,000 huvuta ampia 9 hivi, na birika la umeme la wati 2,000 huvuta nyingine 9. Vikichomekwa pamoja kwenye ekstensheni ya ampia 13, jumla ni ampia 18, na waya utapata joto taratibu chini ya zulia au nyuma ya pazia mpaka uwake. Jiko lipewe soketi yake ukutani. Nyumba ambayo nyaya zake ziliwekwa kwa ajili ya taa tatu na redio ikaguliwe kabla ya kuletwa jiko.

Kazini nako hali haipendezi. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 imemtwika mwajiri wajibu wa kulinda maisha ya anaowaajiri, na OSHA ndiyo yenye jukumu la kuisimamia. Viwanda vikubwa vinajua hivyo. Lakini wafanyakazi wengi wa Taifa hili hawako katika viwanda vikubwa. Wako kwenye karakana za kuchomelea zenye mashine zilizosukwa mtaani, zisizo na kifuniko, na kijana ameshika kishikio kilichopasuka huku amevaa kandambili. Wako kwenye mashine za kusaga ambazo mkanda ukikatika mtu huingiza mkono huku mwingine amesimama karibu na swichi. Wako kwenye majengo yanayoinuliwa chini ya laini za kilovolti 11 na kilovolti 33, wakipokezana nondo. Laini za namna hiyo haziulizi kama umezigusa; ukizisogelea mno, umeme unaweza kuruka hewani na kukufuata.

Kwa mahali pa kazi kanuni ni fupi. Anayetengeneza mashine azime umeme, afunge swichi kwa kufuli, atundike kibao, ufunguo ukae mfukoni mwake, kisha apime kuhakikisha kwamba umeme haupo ndipo aguse. Neno la mwenzake kwamba "nimezima" halitoshi. Na mfanyakazi anayekataa kupanda juu ya mashine isiyozimwa asiitwe mvivu wala mkaidi. Huyo anatimiza wajibu wake, na kumtisha kwa kufukuzwa kazi ni kosa kubwa kuliko kosa lolote la uvivu.

Ikitokea mtu amenaswa na umeme, ndugu zake hukimbilia kumvuta, na hapo msiba mmoja huwa misiba miwili. Umeme uzimwe kwanza. Isipowezekana, na ikiwa ni umeme wa nyumbani, mwokoaji asimame juu ya ubao mkavu na kumsukuma kwa mti mkavu. Ikiwa waya ulioanguka ni wa laini kubwa, watu wakae mbali mpaka shirika la umeme lithibitishe kwamba umezimwa. Wapo wanaoamini kwamba aliyepigwa shoti afukiwe mchangani au anyweshwe maziwa ili umeme umtoke. Mwili haubaki na umeme. Dakika zinazopotea kwa kuchimba mchanga ndizo dakika ambazo moyo ungeweza kurudishwa. Akiwa hapumui, abonyezwe katikati ya kifua kwa nguvu, mara 100 hadi 120 kwa dakika, bila kuacha, mpaka msaada ufike. Akizinduka apelekwe hospitali hata kama anasema hajambo, kwa kuwa moyo unaweza kumgeuka baadaye. Na moto wa umeme usimwagiwe maji. Uzimwe umeme, utumike mchanga mkavu au mtungi unaofaa, na Zimamoto waitwe kwa namba 114.

Baada ya kusema ya mwananchi, tuyaseme ya wenye dhamana. Kwanza, nyumba yoyote isiunganishwe umeme kabla erthi yake haijapimwa kwa chombo. Kuitazama kwa macho hakutoshi, na matokeo ya kipimo yaandikwe pamoja na jina la aliyepima. Mtu akijua kwamba jina lake litasomwa siku ya ajali, hukagua kwa macho mawili. Pili, orodha ya mafundi wenye leseni ibandikwe katika kila ofisi ya kijiji na ya kata, mahali ambapo mkulima anaweza kuisoma bila kuhitaji simu kubwa wala mtandao. Tatu, vijana wa VETA waliohitimu umeme wasaidiwe kupata leseni na vipimo, wapelekwe vijijini. Kishoka hufukuzwa na fundi aliye karibu, wala hafukuzwi na tangazo. Nne, Shirika la Viwango, TBS, lizidi kuwabana wanaoingiza nyaya na swichi bandia, kwa maana muuzaji wa waya bandia ni mshirika wa kishoka. Tano, swichi ya kukata umeme unaovuja itazamwe kuwa kitu cha lazima kama mita yenyewe, na bei yake ipunguziwe kodi. Sita, wezi wa nyaya za erthi na wa mafuta ya transfoma wachukuliwe kuwa wahujumu wa maisha ya watu. Anayekata kipande cha shaba chini ya nguzo ili auze chuma chakavu amewavua kinga wakazi wa mtaa mzima.

Baadhi ya watu watasema kwamba masharti haya yatachelewesha kazi ya kuwaunganishia wananchi umeme. Tunajibu kwamba kupima erthi ni kazi ya dakika chache, na kaburi halina dakika. Wengine watasema gharama itapanda. Itapanda kidogo, na ndiyo sababu tunasema mzigo huo ubebwe na Taifa badala ya kuachiwa mwenye chumba kimoja. Taifa lililoweza kuuzuia Mto Rufiji haliwezi kushindwa na fimbo ya chuma yenye urefu wa mtu mmoja.

Nchi hii inayo historia ya kuelimisha watu wake kwa pamoja. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya iliwakusanya wananchi wapatao milioni mbili katika vikundi vya kusikiliza redio, na vyoo vikachimbwa, na mazingira yakafyekwa, na malaria ikapigwa vita kwa majembe. Haikungojwa kila mtu awe daktari. Hali kadhalika, si lazima kila mtu awe fundi umeme ndipo ajue kuuliza maswali matatu: Leseni yako iko wapi? Erthi iko wapi? Swichi ya kukata umeme unaovuja iko wapi? Maswali hayo yafundishwe shuleni, yasemwe katika mikutano ya vijiji, yatangazwe redioni. Mama wa nyumba akiyauliza mlangoni, kishoka ataondoka mwenyewe.

Umeme ni mali ya wananchi, umejengwa kwa kodi na jasho lao. Wana haki ya kuutumia bila kuuogopa. Kazi ya kuupeleka kwao haikamiliki siku taa inapowaka mbele ya wageni waalikwa. Itakamilika siku mtoto wa kitongoji cha mwisho atakapofungua mlango wa jokofu kwa mkono wenye maji, jokofu likiwa limeharibika, na swichi ikakata, na mtoto akaenda zake kucheza bila hata kujua kwamba ameokolewa.